Kigari cha kambini: Uzito kwanza, safari baadaye

SAFARI za kupiga kambi kandokando ya Ziwa Victoria zina mvuto wake. Kuna fukwe za mchanga, majabali ambayo yameupa Mkoa wa Mwanza sura yake, na visiwa ambavyo usiku wake huangazwa na taa za wavuvi wa dagaa. Hata hivyo, kila kundi linaloondoka mjini, liwe la skauti, la vijana wa kanisa, la watafiti au la familia moja, hukabiliwa na swali lile lile: mahema, magodoro, masufuria, mkaa na madumu ya maji yatafikaje mahali ambapo lori haliwezi kupita?

Jibu linalowajia wengi ni kigari kidogo. Nchini Marekani wapiga kambi wengi hutumia vigari vya umeme vilivyobuniwa kwa ajili ya viwanja vya gofu. Mwanza na vitongoji vyake, kazi hiyo hufanywa zaidi na guta la injini, yaani pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya mizigo, au na kirikuu.

Jambo linalosahaulika ni kwamba, kabla kigari hakijabeba mzigo wa mtu, chenyewe ni mzigo. Hupakiwa juu ya tela, hupandishwa kivukoni na huvushwa maji pamoja na watu. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuchagua kigari cha kambini hana budi kuanza na uzito wake.

Kigari cha gofu

Kigari cha gofu cha watu wawili huwa na urefu wa meta 2.4 hivi na upana wa meta 1.2. Kile cha umeme chenye betri za maji ya asidi huwa na uzito wa kati ya kilo 400 na 500, na sehemu kubwa ya uzito huo ni betri. Hicho ni sawa na kiasi cha watu wazima sita au saba, na hakuna hema hata moja lililokwisha kuwekwa.

Sifa yake ni utulivu. Hakina kelele wala moshi, na dereva asiye na uzoefu hukizoea haraka. Udhaifu wake ni kwamba kilibuniwa kwa nyasi zilizofyekwa. Tumbo lake liko karibu na ardhi, na matairi yake madogo huzama kwenye mchanga wa ufukweni na kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wakati wa mvua.

Tatizo la pili ni chaji. Betri zake zikijaa hubeba nishati ya takriban saa-kilowati 8. Paneli ya jua ya wati 200, kwa jua kali la saa tano kila siku, huzalisha takriban saa-kilowati moja tu. Kwa hiyo ingechukua zaidi ya wiki nzima kuzijaza betri hizo kambini. Kigari cha namna hiyo kinafaa pale tu ambapo kambi ipo jirani na umeme wa gridi.

Aidha, kigari cha gofu hakikutengenezwa kwa barabara za umma. Husafirishwa juu ya tela au lori hadi mahali pa kazi.

Guta na kirikuu

Guta la injini ni jepesi kuliko kigari cha gofu, lina nafasi kubwa ya mizigo, na mafundi wake wanapatikana hadi vijijini. Pancha au mnyororo uliokatika hautavunja safari. Kwa mizigo ya kambi, guta lenye gia ya kurudi nyuma na springi imara ndilo linalofaa zaidi.

Kasoro yake ni magurudumu matatu. Likipita mbavuni mwa kilima, au likikata kona kwa kasi huku mzigo umerundikwa juu, huanguka kwa urahisi. Madumu ya maji na magunia yawekwe chini kabisa, mahema na magodoro juu yake, na pasiwe na mtu anayeketi juu ya mzigo. Guta liwe na usajili na bima, na dereva awe na leseni, kama ilivyo kwa chombo kingine chochote cha moto.

Kirikuu kina magurudumu manne na hujimudu barabarani bila kubebwa. Hakihitaji tela, lakini ni kizito zaidi kivukoni na nauli yake ni kubwa zaidi. Kundi la watu wanane au kumi linaweza kuona faida yake. Watu watatu hawatakihitaji.

Njia huamua

Tangu tarehe 19 Juni, 2025, lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilometa tatu, safari ya Sengerema na fukwe za magharibi hailazimu tena kusubiri kivuko mahali hapo. Kwa upande huo, tela linalovutwa na gari linatosha.

Ukerewe ni habari nyingine. Anayekwenda kwa barabara hupita Magu, Lamadi na Bunda hadi Kisorya, kisha huvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Anayekwenda Ukara huongeza uvukaji wa pili kutoka Bugolora. Kila uvukaji ni sababu ya kupunguza uzito.

Kwa visiwa vya Saanane na Rubondo, kigari kibaki nyumbani. Vyote viwili ni hifadhi za taifa. Saanane hutembelewa kwa miguu, na Rubondo usafiri wa wageni hupangwa na hifadhi.

Juu ya tela

Kigari kipandishwe kwa mbao imara, taratibu, bila abiria. Uzito mkubwa kidogo uwe mbele ya ekseli ya tela, kiasi kwamba takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wote ielemee ndoano. Tela lililoelemewa nyuma huyumba na linaweza kuliburuta gari linalolivuta.

Breki ya mkono ifungwe na kabari ziwekwe kwenye magurudumu. Mikanda minne ifungwe kwenye fremu au ekseli, kila kona mmoja, si juu ya paa wala kwenye viti. Kioo cha mbele na paa la turubai viondolewe. Baada ya kilometa chache za mwanzo dereva asimame na kuikaza upya, kwani mikanda hulegea.

Kivukoni

Guta lenye mzigo mzito nyuma linaweza kuinua gurudumu la mbele linapopanda mlango wa kivuko. Ni vyema kupunguza mzigo kwanza, kupanda moja kwa moja bila kukata kona, na wenzake dereva watangulie kwa miguu. Ndani ya kivuko, kigari kikae pale kinapoelekezwa na wahudumu, kifungwe, na injini izimwe. Petroli ya akiba iwe kwenye dumu lisilovuja, mbali na majiko. Boti ya mbao si mahali pa kigari hata kama mwenye boti anasema inawezekana.

Saa ya safari nayo ina uzito wake. Dhoruba za radi ziwani hutokea zaidi usiku na alfajiri. Siku za gulio vivuko hujaa kuliko kawaida.

Hilo si onyo la maneno matupu. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba, 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza umbali mfupi kufika Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220 na waliookolewa walikuwa 41. Miaka 22 kabla yake, tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu.

Katika kivuko kilichojaa, kilo 450 za kigari huongezwa juu ya watu ambao hawakuuliza habari za kambi ya mtu mwingine. Ndiyo maana kigari na mizigo yake vipimwe kwenye mizani kabla ya kuondoka Mwanza, na uzito huo utajwe kwa ukweli kwa wahudumu wa kivuko. Wakisema kivuko kimejaa, kundi lisibembeleze wala lisitafute njia ya pembeni. Hema linaweza kusimikwa Kisorya kwa usiku mmoja, na kivuko cha kesho kikasubiriwa.