Majumba Mawili ya Lord Egerton

Mkazi wa Pioneer, mjini Eldoret, akitaka kutembezwa ndani ya jumba la mlowezi, lenye bustani na la kulipia kiingilio langoni, hana budi kupanda matatu ya Nakuru. Si kwamba Uasin Gishu haikuwa na walowezi. Walikuwako tele, ila hawakuwa watu wa majumba.

Mwaka 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jan van Rensburg ulishuka Mombasa ukitoka Afrika Kusini. Walipanda treni hadi Nakuru, kisha wakafunga ng'ombe kwenye magari yao na kukwea uwanda kwa wiki kadhaa, wakipasua misitu na matope. Walikuwa wakulima wa kawaida, wengi wao wamefilisika baada ya vita vyao na Waingereza. Waliezeka kwa nyasi, wakakandika kuta kwa udongo, wakapanda ngano. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye Shamba Namba 64, na jina la Eldoret likaja mwaka 1912. Reli ilipofika mwaka 1924, nyumba za mawe zilianza kuonekana, lakini uhuru ulipokaribia Makaburu wengi walifunga virago. Nyumba walizoziacha zikahamiwa na walionunua mashamba, nyingine zikawa ofisi au madarasa. Nyumba yenye watoto ndani na kuku uani haimtozi mtu kiingilio.

Uingereza mambo yalikwenda njia nyingine. Tangu karne ya 18, msafiri nadhifu aliweza kubisha hodi kwenye jumba kama Chatsworth, mtunza nyumba akamzungusha vyumbani, naye akaacha bakshishi. Katika riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice, ya mwaka 1813, Elizabeth Bennet anaingia nyumbani kwa Darcy kwa njia hiyo hiyo. Karne ya 20 ikawabana wenye majumba. Kodi ya mirathi ilipanda, warithi wakafia vitani, na watumishi wakapata kazi bora mijini. Chama cha National Trust, kilichoundwa mwaka 1895 hasa kulinda ardhi na mandhari, kiliwekewa sheria mwaka 1937 iliyorahisisha kupokea majumba makubwa, huku familia zikiruhusiwa kuendelea kuishi humo. Wengine waliamua kukata tiketi wenyewe. Mwenye jumba la Longleat alifungua milango kwa malipo mwaka 1949, na mwaka 1966 akaleta simba ili wageni wawatazame wakiwa ndani ya magari. Mkenya ana ruhusa ya kucheka hapo.

Wakati Waingereza hao wakitafuta namna ya kuyatua majumba yao, mwenzao mmoja alikuwa Njoro, karibu na Nakuru, akijenga jipya.

Maurice Egerton alirithi mwaka 1920 cheo cha ubaroni na Tatton Park, jumba la Cheshire lenye bustani ya Kijapani iliyotengenezwa zama za baba yake. Alikuwa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kupata cheti cha urubani, mwaka 1910, na alipenda kuwinda. Huku Njoro alianza kujenga kasri mwaka 1938. Vita vya Pili vikasimamisha kazi, na ikakamilika mwaka 1954: vyumba 53 kwa mwanamume asiye na mke wala mtoto. Alikaa humo miaka isiyozidi minne. Alifariki mwaka 1958, na kwa kuwa hakuwa na mrithi, cheo chake kikafa naye.

Mgeni wa kasri huambiwa kwanza kisa cha mchumba. Inasimuliwa kwamba mwanamke aliyemtaka aliitazama nyumba yake ya awali akaifananisha na banda la kuku. Lord akajenga kasri, mwanamke bado akakataa, na tangu siku hiyo mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga shambani. Kisa ni kitamu, na huenda kina chembe ya kweli, maana chuki ya Egerton kwa wanawake inatajwa na wengi. Lakini kinakula muda wa matembezi. Waliochonga yale mawe na kubeba mbao ngazi kwa ngazi walikuwa Waafrika wasioweza kumiliki hata ekari moja katika eneo hilo lililotengewa Wazungu, na hao hawana kisa kinachosubiriwa na wageni.

Mwaka 1939 Egerton alitoa ekari 740 kwa shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu. Shule hiyo ndiyo Chuo Kikuu cha Egerton cha leo, na ndicho kinacholimiliki kasri. Tatton aliiachia National Trust kwa wasia. Kwa hiyo majumba yote mawili ya mtu mmoja yanalipiwa kiingilio, moja Cheshire, jingine Njoro. Tatton kuna ukumbi uliojaa vichwa vya wanyama aliowaua, wengi wao Afrika, na watoto wa Cheshire huvitazama. Njoro wanakuja maharusi kupigwa picha kwenye ngazi ambazo mwenyewe asingekubali bibi harusi azikanyage.

Anayeona Njoro mbali anaweza kwenda Kitale, ambako Hugh Stoneham, mlowezi mkusanyaji wa wadudu na ndege, alianzisha makumbusho yake mwaka 1926. Leo ni makumbusho ya umma.

Ila kuna safari nyingine kutoka Pioneer, ya kuelekea Nandi Hills. Huko kuna kaburi na makumbusho ya Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa Wanandi, aliyeongoza upinzani dhidi ya reli na Waingereza hadi alipopigwa risasi na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa wa amani. Ni baada ya Wanandi kuvunjwa nguvu ndipo uwanda ukagawiwa kina Van Rensburg bila wasiwasi. Meinertzhagen aliondoka na fimbo za Koitalel, nazo zikakaa Uingereza mikononi mwa familia yake karne nzima. Zilirudishwa Nandi mwaka 2006, zikiletwa kutoka kwa mwana wa Meinertzhagen.