Bencomo wa Taoro: kutoka korongo la Acentejo hadi uwanda wa Aguere

Mwaka 1494 Alonso Fernández de Lugo, kamanda wa Kastilia, aliteremsha jeshi lake Añazo, ufukwe ambao leo ni Santa Cruz de Tenerife. Gran Canaria ilikwisha kusalimu amri mwaka 1483 na La Palma mwaka 1493. Katika Visiwa vya Kanari, Tenerife pekee ndiyo ilikuwa haijatiwa mikononi na Kastilia. Kisiwa kiligawanyika katika milki tisa, kila moja chini ya mencey (mfalme) wake. Mwenye nguvu kuliko wote alikuwa Bencomo wa Taoro, aliyetawala bonde lenye rutuba la Orotava.

Waguanche, wenyeji wa Tenerife wenye asili ya Waamazigh wa Afrika Kaskazini, walifuga mbuzi na kondoo na kulima shayiri. Chuma hawakuwa nacho. Walipigana kwa mawe na mikuki ya mti. Kwa sababu hiyo wengi husema kwamba farasi na baruti ndivyo vilivyowashinda. Vita vya Acentejo vinakataa maelezo hayo.

Mwezi Mei mwaka huohuo Wakastilia waliingia Taoro, na masimulizi ya zamani yanasema walikuwa wakirudi na mifugo waliyoipora. Njia yao ilipita kwenye korongo la Acentejo, jembamba na lenye vichaka. Humo farasi hakuweza kugeuka, wala askari hawakuweza kujipanga. Tinguaro, ndugu yake Bencomo, aliwashambulia kutoka juu ya miteremko. Bencomo akafika na kikosi kikubwa kumaliza kazi. Lugo aliponea chupuchupu akiwa amejeruhiwa, na sehemu kubwa ya jeshi lake ikaangamia. Huu ni ushindi wa watu walioijua ardhi yao, jiwe kwa jiwe.

Novemba Lugo alirudi. Safari hii mapigano yalifanyika Aguere, uwanda ambao sasa una mji wa La Laguna, mahali palipowapa farasi nafasi ya kukimbia. Bencomo aliuawa huko.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, jeraha kubwa zaidi lilikuwepo kabla ya Aguere. Güímar, Abona, Adeje na Anaga walikuwa wamefanya amani na wageni. Añaterve wa Güímar, ambaye watu wake walikuwa na mazoea ya miaka mingi na wamisionari, aliwasaidia Wakastilia. Bencomo alipigania nusu ya kisiwa huku nusu nyingine ikitazama au kumsaidia adui. Kisha likazuka gonjwa ambalo Wahispania waliliita modorra, likafagia vijiji visivyo na kinga yoyote. Bentor, mwana na mrithi wa Bencomo, inasimuliwa alijirusha kutoka jabali la Tigaiga. Desemba 1495 Waguanche walishindwa tena, safari hii huko Acentejo, na mwaka 1496 mencey waliosalia wakasalimu amri Los Realejos.

Waliofanya amani hawakusalimika. Watu wa Anaga na Adeje, waliokuwa na mapatano na Kastilia, walikamatwa na kuuzwa utumwani, hata wafalme wa Kastilia wakalazimika kuagiza waachiliwe.