Ngano na Meza ya Bwana

Wapo waamini wenzetu wanaodhurika hata kwa kipande kidogo cha hostia. Tusiwadhanie kuwa wenye imani haba. Wana maradhi ya siliaki: gluteni, protini iliyomo katika ngano na shayiri, huufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe.

Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikwisha kuushuku mkate kabla ya vita. Katika majira ya baridi ya njaa ya 1944–1945 mkate uliadimika, na watoto hao wagonjwa, ajabu, wakapata nafuu. Uliporudi, wakaugua tena. Tasnifu yake ilitoka mwaka 1950. Hadi leo tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Ugali wa mahindi, wali na mihogo ni salama kwao. Chapati na maandazi ya ngano, la.

Na altareni je? Barua ya Roma ya Julai 2003, yenye saini ya Kardinali Ratzinger, ilifafanua: hostia isiyo na gluteni kabisa si halali kwa Ekaristi, yenye gluteni kidogo yakubalika, asiyeiweza hata hiyo apokee katika umbo la divai pekee. Mwenye haja atuarifu kabla ya Misa, maana kikombe cha padre hutiwa kipande cha hostia. Chake tutakiandaa pembeni.