Maskini, fukara, mkiwa: safari ya maneno matatu katika makanisa ya Mara

Katika makanisa mengi ya vijijini Tarime na Serengeti, ibada ya Jumapili haiishii kwenye baraka. Watu wakishatoka nje, mnada huanza. Kuna kuku aliyefungwa miguu, debe la mahindi, mkungu wa ndizi, na pengine yai moja tu, lililoletwa na bibi ambaye hakuwa na noti ya kutia kapuni. Dalali hulinyanyua yai lile kama anavyomnyanyua jogoo. Anayelinunua hulirudisha, likauzwa tena na tena, mpaka likaingiza fedha ambayo hata kuku mwenyewe asingeifikia. Siku hiyo hakuna anayemwita bibi yule maskini. Anaitwa mama, na sadaka yake inatajwa pamoja na jina lake.

Jumatatu, akienda kupokea ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, bibi huyohuyo ana majina mengine: kaya maskini, mlengwa, mnyonge. Mtu hakubadilika usiku ule, ila lugha imebadilika. Na ukiifuatilia historia ya Ukristo katika mkoa wa Mara, utaona kwamba sehemu kubwa yake ni historia ya lugha hiyo: namna ya kumtaja mtu asiye na kitu kwa adabu ileile tunayoitumia tunapomtaja Mungu.

Maneno yaliyotangulia kanisa

Wamisionari hawakuyaleta maneno ya umaskini, waliyakuta. "Maskini" lilifika pwani kwa Kiarabu, nacho Kiarabu kililirithi kutoka lugha za kale za Mesopotamia, ambako mushkenu alikuwa mtu wa kawaida, si mtumwa wala si mkubwa. Neno hilo lilipita pia katika Kiebrania, likafika hata Italia na Ufaransa. "Fukara" nalo ni la Kiarabu, wingi wa fakiri. Katika Kurani, Sura ya 9, mafakiri na maskini ndio wanaotajwa mwanzo kati ya wenye haki ya kupewa zaka, na wanazuoni wa Kiislamu walijadiliana kwa karne nyingi ni yupi kati ya hao wawili mwenye hali ngumu zaidi. Neno la tatu halisikiki sana siku hizi, nalo ni "mkiwa". Huyu ni mtu aliyeachwa peke yake. Ndugu wa neno hilo ni "ukiwa", hali ya mahali palipobaki bila watu.

Biblia ilipotafsiriwa kwa Kiswahili, ilibidi maneno haya yabebe mzigo mzito. Zaburi zina neno anawim, watu walioinamishwa. Mzizi wake ni kuinama: kwanza chini ya dhuluma, kisha mbele za Mungu, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumkimbilia. Katika neno hilo umaskini na unyenyekevu havijatenganishwa. Kigiriki cha Injili nacho kilikuwa na maneno mawili. Penes ni mtu anayeishi kwa jasho lake asiye na akiba. Ptochos ni aliyejikunyata akiomba. Heri za Yesu, kwa Mathayo na kwa Luka, zimemchukua huyu wa pili.

Katika tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo Waprotestanti wengi wa Mara wamekua nayo, anawim wa Zaburi ya 37 wamekuwa wenye upole. Si kosa, maana upole ni sehemu ya neno lile. Lakini mzigo mgongoni hauonekani tena. Zaburi ile inazungumza juu ya nchi na nani atakayeirithi. Msomaji wa Kiswahili anaona tabia njema, haoni shamba lililonyang'anywa.

Nchi iliyohesabu watu

Nyanda za Mara nazo zilikuwa na hesabu yake ya mali. Kwa Wakurya, Wangoreme, Waikoma na Wanata, utajiri ulikuwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa njia ya kupata watu: mahari, watoto, wakwe, marafiki wa kukimbilia siku ya shida. Mwishoni mwa karne ya 19 hesabu hiyo ilivurugika. Sotoka iliua ng'ombe, ndui ikaua watu, njaa ikafuata. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Serengeti magharibi na kuyatolea kitabu cha Imagining Serengeti mwaka 2007, anaonyesha jinsi jamii hizo zilivyojiunda upya kwa kutafuta hifadhi kwa majirani na kwa kupokeana. Katika nchi ya namna hiyo, maskini wa kweli alikuwa yule ambaye hakuna ukoo uliokuwa tayari kumpokea. Alikuwa mkiwa.

Heshima nayo ilikuwepo kabla ya kanisa. Wakurya hadi leo huwapa watoto wao jina la Nyamhanga, ambalo wazee walilitumia kumtaja Muumba. Mzee huitwa tata, yaani baba, hata na asiye mwanawe. Kwa hiyo katekista aliyefundisha kumwita Mungu Baba hakupata taabu. Taabu ilikuja alipofundisha kwamba asiye na kitu ana heri, mbele ya watu waliokwisha kuona sotoka ikimaliza zizi.

Kilimani Shirati

Mwaka 1934 Wamennonite kutoka Marekani, Elam Stauffer na wenzake, walianzisha kituo Shirati, katika iliyokuwa wilaya ya North Mara, ambayo leo ni Tarime na Rorya. Baadaye vituo vyao vilienea, hata Nyabasi katika nchi ya Wakurya. Hawa walikuwa Wakristo waliochagua maisha ya kadiri: mavazi yasiyo na mapambo, wanawake wenye vitambaa kichwani, na kukataa vita. Walijiona watu wa kawaida. Lakini kwa macho ya mwenyeji, mtu mwenye motokaa na nyumba ya bati alikuwa tajiri, hata avae nini. Mahubiri ya unyenyekevu yalikuwa yakitoka barazani yakielekea uani.

Mambo yalibadilika mwaka 1942, Uamsho ulipofika Shirati. Moto huo uliwashwa Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, na kila ulikopita uliacha lugha yake: kutubu hadharani, kutembea nuruni, kuitana ndugu. Mwafrika aliungama mbele ya Mzungu, na Mzungu akaungama mbele ya Mwafrika, hata juu ya dharau aliyokuwa nayo moyoni. Salamu ya "Bwana asifiwe" haikuuliza cheo cha mtu wala ukubwa wa zizi lake. Kwa mara ya kwanza katika kanisa lile, unyenyekevu ulitoka kwenye midomo ya mkubwa ukielekea kwa mdogo. Zedekia Kisare, mmoja wa vijana wa Shirati wa nyakati zile, ndiye aliyewekwa wakfu mwaka 1967 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania.

Mwalimu aliyetafuta maneno

Mwaka 1955 mwalimu mmoja aliacha kazi katika shule ya Pugu kwa sababu ya siasa, akarudi kwao Butiama. Katika miezi ile Julius Nyerere aliwafundisha Kizanaki mapadri Wamarekani wa shirika la Maryknoll, waliokuwa wameanza kazi Musoma mwaka 1946, na akawasaidia kutafsiri masomo ya kanisa kwa lugha hiyo. Alikuwa Mkatoliki tangu mwaka 1943, alipobatizwa. Kazi ile ya kupima kila neno, lipi lina adabu ya kutosha kusomwa kanisani na bado linaeleweka kwa mchunga ng'ombe, hakuiacha tena maisha yake yote.

Unaiona katika tafsiri zake. Mwaka 1969 alipotoa tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venice, aliipa jina la Mabepari wa Venisi. Uchaguzi wa neno moja ulieleza msimamo wote juu ya mali. Na mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kufa, zilichapishwa tenzi zake za Injili zote nne na Matendo ya Mitume. Utenzi ni bahari ambayo washairi wa Kiislamu wa pwani waliitumia kwa karne nyingi kusimulia habari za mitume na wacha Mungu. Mwana wa chifu wa Wazanaki aliiazima bahari hiyo kumsimulia Yesu, mwana wa seremala. Lugha ya heshima kuu kuliko zote alizozijua, aliitandika chini ya miguu ya mtu ambaye hakuwa na pa kulaza kichwa.

Lakini kabla ya tenzi kulikuwa na hotuba. Oktoba 1970, katika makao makuu ya Maryknoll, jimbo la New York, Nyerere, sasa Rais wa Tanzania, alisimama mbele ya shirika lililoijua Mara vizuri. Aliwaambia kwamba umaskini wenyewe si tatizo kuu la dunia, kwa kuwa ujuzi na nyenzo za kuuondoa vipo. Tatizo ni mgawanyiko wa binadamu kuwa matajiri na maskini, na nguvu wanazozipata wachache kwa mgawanyiko huo. Tena aliuliza swali la kidini: ikiwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, je, tukubali kuwa na Mungu maskini, mjinga na mwenye hofu? Yeye alikataa. Kuusifu umaskini wa watu, kwa hoja yake, kulikuwa ni kumkosea adabu Muumba wao.

Maskini wa roho, roho ya umaskini

Mwaka huohuo Maryknoll walianzisha shirika la uchapishaji la Orbis, na mwaka 1973 wakatoa kwa Kiingereza kitabu cha padri wa Peru, Gustavo Gutiérrez, juu ya teolojia ya ukombozi. Gutiérrez alitenga maana tatu: umaskini wa kukosa, ambao ni uovu, umaskini wa moyo, ambao ni kujiweka wazi mikononi mwa Mungu kama mtoto, na umaskini wa kuchagua kukaa na maskini ili kuupinga ule wa kwanza.

Mwaka 1973 Orbis walitoa pia kitabu cha Marie-France Perrin Jassy, aliyechunguza makanisa huru ya Wajaluo wa North Mara. Waumini wengi walivutiwa na jumuiya ndogo ambamo kila mtu alikuwa na kazi yake na alijulikana kwa jina. Parokia za Kowak na jirani zake zilijifunza kutokana na hayo, zikajaribu vyama vidogo vya waumini, na majaribio hayo yalikuwa kati ya chemchemi za Jumuiya Ndogondogo tunazozijua leo. Ng'ambo ya mto Mara, katika parokia ya Iramba katika nchi ya Wangoreme, padri Joseph Healey alikusanya methali na visa vya wenyeji, akiamini kwamba Mungu anaweza kusemwa kwa lugha ya mtu asiyejua kusoma bila kupungukiwa na utukufu.

Ukatoliki wa Kiswahili ulikuwa umehifadhi tofauti hii, ya umaskini wa kukosa na umaskini wa kuchagua, katika neno moja. Sista anapoweka nadhiri, hasemi umaskini. Husema ufukara, pamoja na useja na utii. Masista wa Moyo Safi wa Maria Afrika, wenye makao Makoko, Musoma, walikulia katika nchi ambako binti alikuwa daraja la ng'ombe kuingia katika zizi la baba yake. Binti aliyeingia utawani hakuacha mali yake tu, aliacha na mahari ambayo ukoo uliitegemea. Ufukara wake uliwagharimu wengi. Ndiyo maana hauwezi kuitwa kwa jina moja na njaa ya jirani yake ambaye hakuchagua.

Siku hizi tofauti hiyo inafifia. Nyamongo, Tarime, kuna mgodi mkubwa wa dhahabu tangu mwaka 2002, na vijiji vinavyouzunguka bado vina watu wanaotafuta riziki kwa shida. Humo, kama ilivyo kote nchini, mikutano ya injili ya mafanikio inapiga vita kitu kinachoitwa "roho ya umaskini", pepo wa kukemewa mpaka atoke. Angalia jinsi maneno yalivyogeuzwa. Injili ilisema "maskini wa roho" ikawapa heri. Mimbari mpya inasema "roho ya umaskini" ikawapa lawama. Bibi wa yai moja, kwa lugha hiyo, ana pepo.

Kuna mahali lugha ya zamani ingali hai. Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, ilifunguliwa mwaka 2014 Nyumba Salama chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana, kwa ajili ya wasichana wanaokimbia ukeketaji. Msimu wa ukeketaji huja likizo ya Desemba, na wasichana huja na nguo walizovaa. Aliyekimbia ameacha ukoo, na kwa hesabu ya nyanda hizi ukoo ndio mali yote. Huyo ni mkiwa kwa maana kamili ya neno. Anachopewa kwanza, kabla ya sare na daftari, ni watu.

Makanisa ya Mara yameishi na somo hili, la kumtaja asiye na kitu kwa adabu, kwa miaka mingi. Kijiji kinapokutana kutaja kaya za kupewa ruzuku, majina husomwa hadharani mbele ya wote, na wazee wa kanisa, makatekista na akina mama wa jumuiya wamo kwenye mkutano huo. Ni watu walewale waliosimama Jumapili kwenye mnada. Wanajua jinsi ya kulitaja jina la bibi yule. Wamtaje hivyohivyo na Jumatatu: mama fulani, wa ukoo fulani, aliyeleta yai.