Chumba cha Mafumbo ya Mazingaombwe: Ni Kitu Gani, na Mwende Wangapi?

Machalii kadhaa wameniuliza hii "eskepu rumu" ni dude gani, hasa ile ya mazingaombwe. Nimeingia moja hapa hapa Arusha, kwa hiyo ngoja nimwage ninachokijua.

Ni mchezo. Kikundi kidogo, mara nyingi watu wawili hadi wanane, kinaingia kwenye chumba kilichopambwa kwa hadithi fulani na kupewa dakika 60. Humo mnatafuta vitu vilivyofichwa, mnafumbua mafumbo, mnafungua kufuli moja baada ya jingine mpaka mpate ufunguo wa mwisho. Nguvu hazitakiwi, ni macho na kichwa tu. Ni kitendawili-tega, ila jibu lake linafungua sanduku.

Chimbuko lake ni kompyuta. Waliokuwa wakishinda intaneti kafe enzi hizo watakumbuka Crimson Room ya Mjapani Toshimitsu Takagi, iliyotoka 2004: umefungiwa chumba chekundu, unabofya-bofya mpaka utoke. Ilikuwa ya Flash, na Flash yenyewe Adobe waliizika mwisho wa 2020. Mwaka 2007 Takao Kato wa SCRAP, huko Kyoto, akautoa mchezo kwenye kioo akauweka kwenye chumba cha kweli. Mwaka 2011 ikafunguliwa ParaPark pale Budapest, Hungaria, na baada ya hapo Ulaya ikapagawa. Cha kuchekesha, Budapest ndiko alikozaliwa Harry Houdini mwaka 1874, yule bingwa wa kujinasua pingu na minyororo jukwaani.

Sasa hilo neno mazingaombwe. Kwetu mazingaombwe na uchawi ni vitu viwili tofauti kabisa. Mazingaombwe ni yule jamaa aliyekuja shuleni akatoa karatasi mdomoni mpaka watoto wakapiga mayowe. Uchawi ni habari nyingine, na una sheria yake, Sura ya 18, yenye mizizi ya mwaka 1928, ambayo inamgusa hata mtu anayejinadi kuwa na uwezo huo. Kwa hiyo ukiandika "Chumba cha Wachawi" kwenye bango lako huko Ngarenaro, usishangae majirani wakija juu. Binafsi naona jina la mazingaombwe linatosha, na lina raha zaidi.

Tuliyoingia sisi haikuwa ya kampuni. Ni vijana wa mtaani Sakina waliogeuza stoo kuwa maskani ya mganga wa mazingaombwe: mapazia meusi, kofia ya karatasi, masanduku matatu, kufuli za namba. Tulikuwa watano, kila mmoja akachangia buku tatu. Mama mwenye nyumba akatoka akatuangalia. "Wanangu, humo mnaenda kufanya nini?" "Shikamoo mama, ni mchezo tu." "Marahaba. Mchezo wa giza?" Swali zuri kuliko alivyodhani.

Maana wenyeji walipanga kutufungia kwa kufuli la kweli, kwa nje, na ndani wamewasha mishumaa minne chini ya mapazia yale. Mwenzetu mmoja ana pumu. Nikawaambia kistaarabu: mishumaa izimwe, tupewe tochi, na mlango urudishwe tu bila kufungwa, la sivyo hatuingii. Wakanuna kidogo. Mmoja akasema eti utamu utaisha. Nikawapa habari ya Koszalin, Poland: tarehe 4 Januari 2019 wasichana watano wa miaka 15 walikuwa wakisherehekea siku ya kuzaliwa ndani ya chumba cha namna hii, moto ukatokea upande wa nje wa chumba chao, wakashindwa kutoka, wote wakafa kwa moshi wenye sumu. Baada ya hapo serikali yao ilikagua vyumba hivi nchi nzima, na vingine vikafungwa. Wenyeji wakakaa kimya, kisha mmoja akaenda kuzima mishumaa.

Na utamu haukuisha hata chembe! Mlango unajua uko wazi, lakini ukishaona saa inakimbia unausahau.

Kufuli la kwanza lilikuwa na picha ya Mnara wa Mwenge na swali la mwaka wa Azimio: 1967, chap. La pili likatutoa jasho. Picha ya Mlima Meru, tarakimu nne. Mmoja wetu aliyewahi kuupanda akasema 4566, ndivyo alivyosoma. Haifunguki. Dakika kumi zikateketea tukipekua kofia na mapazia, mpaka dada mmoja akajaribu 4562. Ikafunguka! Kumbe vyote viwili vimeandikwa, kutegemea kitabu au ramani uliyoshika. Ushauri kwa mnaotaka kutengeneza: namba inayobishaniwa usiifanye ufunguo. Mchezaji akikosa aone alikosea wapi, siyo aone ameonewa.

Kuhusu idadi, wanne au watano ndiyo poa. Wawili mnachoka, wanane mnakanyagana na watatu wanabaki kupiga picha. Anayeona kitu akitamke kwa sauti hata kama anakiona cha kijinga. Ufunguo uliokwisha kutumika uwekwe pembeni, maana watu hurudia kuujaribu kila mahali. Na awepo mmoja wa kusoma saa tu. Sisi tulitoka zikiwa zimebaki dakika nne.

Fumbo lililonikosha zaidi lilikuwa karatasi tupu, na kando yake kikopo cha maji ya njano na brashi. Ukipaka, maandishi mekundu yanajitokeza. Siri yake iko jikoni: ukorogee magadi kwenye maji, yale yale ya kulainishia makande, uandikie kwa njiti ya pamba kwenye karatasi nyeupe, uache ikauke mpaka isionekane. Halafu unapaka manjano ya unga iliyokorogwa kwenye maji. Manjano ikigusa magadi hubadilika kuwa nyekundu ya udongo, kwa sababu magadi ni besi, mambo yale yale ya litimasi mliyosoma kemia. Hakuna moto, hakuna kemikali ya kuagiza. Paka kidogo kidogo tu, ukilowesha sana maandishi yanachuruzika na fumbo linakufa.