Mwezi wa Oktoba kwa Bibi: Historia ya Waswahili wa Rumonge



 Leo tunakwenda Rumonge, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 70 kusini ya Bujumbura. Tunataka kuzungumzia jambo ambalo familia nyingi hulifanya bila kulifikiria sana, nalo ni kuwapeleka watoto kwa bibi yao mwisho wa wiki.

Miezi ya Septemba hadi Novemba wenzetu wa Ulaya na Marekani huita majira ya majani kupukutika. Kwetu mambo ni kinyume chake. Kiangazi kimekwisha, mvua za kwanza zimeanguka, Warundi wanasema agatasi imeingia, na vilima vilivyokuwa vimekauka vinarudi kuwa kijani. Shule nazo zimeshafunguliwa. Ndani ya mwezi wa Oktoba Burundi ina sikukuu mbili za taifa, tarehe 13 na tarehe 21. Zikiangukia karibu na Jumamosi na Jumapili, mzazi anayeishi Buyenzi au Bwiza huwafungia watoto nguo mbili tatu, huwapandisha gari la Rumonge, na bibi huwapokea kwa ndagala, mukeke, sombe na wali uliopikwa kwa mawese ya hukohuko.

Watoto wanajua kwamba siku hizo hakuna shule. Je, wanajua kwa nini hakuna shule? Na wanajua kwamba jibu liko kwa huyohuyo bibi anayewapakulia chakula?

Kwa nini historia yetu iko kwa bibi

Ndugu msomaji, mtu akiingia maktaba kutafuta historia ya Waislamu wa pwani hii ya ziwa atakuta machache, na mengi katika hayo yameandikwa na wageni. Waliandika wapelelezi wa Kiingereza, wamisionari wa Kifaransa, kisha maofisa wa Kijerumani na wa Kibelgiji. Sisi wenyewe tumeandika kidogo sana.

Sababu yake inajulikana. Wabelgiji walitwaa nchi mwaka 1916, na katika utawala wao elimu kwa sehemu kubwa iliachwa mikononi mwa misheni. Wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kwamba mtoto akienda shule atarudi amebatizwa. Wakamweka chuoni kusoma Qur'ani, wakamfundisha biashara, uvuvi au ushoni. Dini ilihifadhiwa, alhamdulillah, lakini kulikuwa na gharama, kwa sababu vizazi viwili hivi havikutoa makarani, walimu wala waandishi wa kutosha. Kilichobaki kilikaa vichwani, na kwa kuwa wanaume walikuwa safarini au ziwani, mwenye kukaa na watoto jioni alikuwa bibi.

Kwa hiyo bibi anapofariki bila kuulizwa kitu, tunazika na kitabu ambacho hakuna mwenye nakala yake.

Tulifikaje hapa

Kiswahili kilifika pwani hii kwa mitumbwi. Katikati ya karne ya 19 Ujiji, upande wa Tanzania ya leo, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo na Zanzibar kupitia Tabora. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wameshatangulia. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley, baada ya kukutana Ujiji, walipanda mtumbwi kwenda kaskazini ya ziwa, wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Jiwe la Mugere, ambalo watoto hulipita njiani kutoka Bujumbura, ni ukumbusho wa safari hiyo.

Biashara ya wakati ule ilikuwa ya pembe za ndovu, chumvi, vitambaa na mawese. Ilikuwa pia biashara ya watumwa, na si haki kuwaficha watoto jambo hilo. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alitawala biashara ya kaskazini ya ziwa kutoka Ujiji, na watu wake walishambulia pwani ya Burundi. Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala mpaka mwaka 1908, aliwazuia wasipande milimani. Ndiyo maana Waswahili walibaki ufukweni, na ndiyo maana hadi leo ukipanda kutoka ziwani kuelekea Bururi Kiswahili kinapungua kadiri unavyopanda.

Wamisionari wa White Fathers nao waliweka kituo Rumonge mwaka 1879. Mwezi wa Mei 1881 watatu wao waliuawa hapo, na kituo kikavunjika.

Basi babu zetu ni nani? Ni mchanganyiko. Yuko mfanyabiashara aliyetoka pwani ya bahari, yuko mpagazi Mmanyema au Mnyamwezi, yuko mvuvi wa hapahapa, na wako waliouzwa utumwani kisha wakawa huru. Wake wengi walikuwa wa ziwani, Wabwari, Wavira, Wajiji na Warundi. Katika familia nyingi, ukimwuliza bibi juu ya mama wa mama yake, utakuta amezaliwa ng'ambo. Anayejua hivyo hatamdharau mtu kwa asili yake.

Wajerumani walipojenga kambi yao Usumbura mnamo mwaka 1897 walitumia Kiswahili katika utawala, na askari wao wengi walikuwa Waislamu. Wabelgiji walipokuja waliwaangalia Waswahili kwa shaka na kuwatenga katika mitaa yao. Mpaka leo katika Kirundi neno "muswahili" laweza kumaanisha mtu mjanja asiyeaminika. Mtoto akilisikia shuleni asiambiwe tu anyamaze. Aelezwe lilikotoka.

Tarehe 13 Oktoba

Mwanamfalme Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne, alikataa kubaki katika raha za ikulu. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, na huko akawa karibu na Waswahili wa Bujumbura, waliokuwa watu wa biashara. Alipopigania uhuru kwa chama cha UPRONA, Waislamu wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa wafuasi wake wa mwanzo. Ng'ambo ya mpaka Nyerere na TANU walimuunga mkono.

Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake kilipata viti 58 katika 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo alipigwa risasi akiwa hotelini kando ya ziwa. Alikuwa Waziri Mkuu kwa wiki mbili tu, na umri wake haujafika miaka 30. Nchi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 bila yeye.

Sasa tumchukue bibi wa mfano aliyezaliwa mwaka 1955. Siku ile alikuwa na miaka sita. Anaweza kukumbuka watu wazima wakilia. Mtoto wa shule atakariri tarehe na kuisahau baada ya mtihani, lakini akisikia kwamba bibi yake alimwona baba yake analia siku hiyo, hataisahau.

Maji yanapopanda

Bibi huyohuyo alikuwa na miaka tisa mwaka 1964. Baada ya mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960 ziwa lilijaa, na mwaka huo maji yalifikia kiwango cha juu sana. Katika karne ya 19 ilikuwa vivyo hivyo. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 alikuta maji yamefunika mahali palipokuwa nchi kavu mwaka 1871, na karibu mwaka 1878 ziwa lilipasua njia kwenda magharibi kwa mto Lukuga.

Tulisahau. Miaka ya 2021 na 2024 maji yalipopanda tena na kuingia katika nyumba na bandari ya Rumonge, wengi walisema hayajapata kuonekana. Wazee waliokuwa wameyaona walikuwepo, lakini ni nani aliyewauliza kabla ya kununua kiwanja na kujenga karibu na ufuko? Elimu ya bibi ingewafaa watu wazima kama inavyowafaa watoto.

Jambo ambalo mabibi hawalisemi

Hapa tunafika penye uzito. Mwaka 1972 bibi wetu alikuwa na miaka 17, msichana wa kuolewa. Usiku wa tarehe 29 Aprili uasi ulianza katika pwani hii, Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi waliuawa. Kisha serikali ya Rais Micombero ilijibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 100,000, na wapo wanaosema 200,000 au 300,000. Wengine kwa makumi ya maelfu walivuka kwenda Tanzania na Kongo. Huko Tanzania waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo.

Mashamba yao ya michikichi hayakubaki matupu. Walipoanza kurudi kwa wingi, hasa kuanzia mwaka 2008, walikuta mwingine amelima na kuzaa watoto juu yake. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilishughulikia kesi nyingi sana, na Rumonge ilikuwa katika maeneo yenye kesi ngumu zaidi. Waliobaki Tanzania, wapatao 162,000, walipewa uraia, na jambo hilo lilikamilishwa mwaka 2014. Wengine walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2007, na wajukuu wao leo wanayaona hayo majani yanayopukutika.

Kisha ikaja tarehe 21 Oktoba 1993, siku aliyouawa Rais Melchior Ndadaye, na vita ya zaidi ya miaka kumi. Mwalimu Nyerere alisuluhisha mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, Mandela akaendeleza, na Mkataba wa Arusha ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Mwaka 2015 watu walikimbia tena. Makumi ya maelfu walijaa katika kijiji cha Kagunga, na meli kuukuu ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikawavusha mamia kwa mamia kwenda Kigoma.

Ndugu zangu, bibi aliyepita katika hayo yote mara nyingi hunyamaza. Mjukuu akiuliza, "Bibi, kaka yako yuko wapi?" husema, "Alipotea mwaka ule," kisha hutia kuni jikoni. Si vizuri kumlazimisha. Lakini kunyamaza kabisa nako kuna hatari, kwa sababu mtoto asiyeambiwa nyumbani ataambiwa na mtu mwingine barabarani au katika simu, na huyo huenda akamwambia kwa chuki.

Njia ya kati ipo. Bibi asimulie alichokiona yeye, si alichosikia. Amtaje aliyekufa kwa jina lake, amtaje na jirani aliyemficha mtu chini ya kitanda au aliyempa nafasi katika mtumbwi. Mtoto akijua majina hayo ya pande mbili, ni vigumu kumwambia kwamba kabila zima ni baya.

Maswali ya kwenda nayo Rumonge

Wazazi, mnapowatuma watoto, wapeni maswali machache. Kwa mfano:

1. Bibi, mama wa mama yako alizaliwa wapi, na alizungumza lugha gani?
2. Nani alikufundisha Qur'ani, na mlisomea wapi?
3. Ulipokuwa mdogo maji ya ziwa yalifika wapi?
4. Mliwahi kuhama? Mlibeba nini, na mliacha nini?
5. Nani aliwasaidia, na je, watoto wake bado wapo?
6. Zamani Idi mliisherehekea vipi? (Siku hizi Idi ni sikukuu ya taifa Burundi. Bibi anakumbuka wakati ambapo haikuwa hivyo.)

Mtoto mkubwa aandike katika daftari au arekodi kwa simu, kwa idhini ya bibi. Wanaoishi mbali wapige simu Jumapili, wakiangalia tofauti ya saa, maana wazee wetu hulala mapema baada ya Isha. Wala msiwaambie watoto waseme Kifaransa au Kirundi tu ili wafaulu. Kiswahili, ambacho shule za Burundi zilianza kukifundisha watoto wadogo wakati nchi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, bibi anacho bure.

Kuwatembelea wazee ni katika kuunga udugu, na kila Mwislamu anajua uzito wake katika dini yetu. Kumsikiliza bibi ni sehemu ya kumtembelea. Oktoba ni fupi na bibi anazeeka. Gari likipatikana, waende.

Tunamuomba Allah awape mabibi zetu afya na umri wenye baraka, awarehemu waliotutangulia, wale wenye makaburi yanayojulikana na wale wasio na makaburi, na awaepushe wajukuu na yale waliyoyaona wazee wao. Amin.