Shamba la Lexington na Dawa ya Kila Siku

Mnamo tarehe 25 Mei 1935, nje kidogo ya mji wa Lexington katika jimbo la Kentucky, serikali ya Marekani ilifungua majengo ambayo hata walioyajenga hawakuafikiana yaitwe nini, maana yalikuwa na nondo za gereza madirishani na matabibu wa hospitali vyumbani, na pande zote yalizungukwa na konde la ekari zipatazo elfu moja ambamo wakazi wake walilima mboga, wakafuga ng'ombe wa maziwa, wakashona nguo na kuranda mbao. Wengi walipaita Shamba. Walioingia humo walikuwa waraibu wa afyuni, mofini na heroini: baadhi yao wafungwa waliohukumiwa na mahakama, na baadhi watu huru waliobisha hodi kwa hiari yao wakiomba waondolewe nakama iliyowapata.

Shamba hilo halikuzuka pasi na sababu. Sheria ya mwaka 1914 ilikuwa imeyatia madawa haya chini ya amri ya serikali, na mwaka 1919 Mahakama Kuu ya nchi ile ikatoa hukumu iliyomzuia tabibu kumwandikia mraibu mofini kwa nia ya kumstarehesha tu katika mazoea yake; na haikupita miaka mingi zahanati za miji kadha wa kadha, zilizokuwa zikiwapimia watu hao dawa yao kwa taratibu, zikafungwa moja baada ya moja. Watu wale hawakutoweka kwa kuwa milango imefungwa. Wakanunua kwa magendo, wakakamatwa, na magereza yakajaa wafungwa ambao kosa lao, kwa hakika, lilikuwa ni maradhi yao. Ndipo Bunge, katika mwaka 1929, lilipopitisha sheria ya kuwajengea mahali pa peke yao.

Kabla ya hapo tiba iliyopata sifa Ulaya ilikuwa ile ya Eduard Levinstein wa Berlin, ambaye katika miaka ya 1870 alimtia mgonjwa wa mofini chumbani, akamfungia mlango, akamkatia dawa kwa mkupuo mmoja, na kumweka chini ya macho ya wauguzi hata mateso yapite. Na yeye mwenyewe alikiri kwamba walio wengi waliyarudia mazoea yao baada ya kutoka. Nimemtaja kwa makusudi, kwa sababu mpaka leo wako wazazi wa pwani yetu ambao, kwa uchungu wa mwana na kwa kukosa pa kukimbilia, humfungia kijana ndani ya nyumba au humpeleka shamba kwa jamaa, wasijue kwamba njia hiyo ilikwisha jaribiwa na tabibu mwenye hospitali, karne moja na nusu iliyopita, nayo haikumfaa.

Lexington ilikuwa na huruma zaidi. Matabibu wake walijua mambo yanayoupata mwili uliozoeshwa heroini pindi unapoikosa: saa chache tu baada ya kipimo cha mwisho huanza miayo, machozi na kamasi, kisha jasho la baridi, malaika kusimama, tumbo kukata, kutapika na kuhara, mifupa kuuma kana kwamba inasagwa, miguu kurusharusha na usingizi kupaa, na hali hiyo, ambayo vijana wa maskani zetu huiita arosto, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, ikatulia kwa kadiri ya juma moja. Aghalabu haimuui mtu mwenye siha, lakini mwili ukikaukiwa maji, au ukiwa tayari na maradhi mengine, yaweza kumuua. Basi mgonjwa alipewa mofini kwa kipimo kilichopungua siku hata siku. Na ilipokwisha Vita Kuu ya Pili, Harris Isbell na wenzake wa hapo Lexington wakaanza kuitumia methadoni, dawa iliyobuniwa na wanakemia wa kiwanda cha Hoechst nchini Ujerumani kabla ya vita, wakaona kwamba, kwa kuwa hudumu mwilini muda mrefu, humshusha mgonjwa polepole bila ya misukosuko mikali. Kwa habari ya kuutoa uraibu mwilini kwa salama, hapakuwa na mahali duniani palipojua zaidi ya hapo.

Lakini kutoka salama hakukuwa kupona. Mwaka 1962 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa wa New York karibu elfu mbili waliowahi kutibiwa Lexington, ukadhihirisha kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wameyarudia madawa, wengi wao katika miezi sita ya kwanza tangu kurejea kwao mjini. Haki isemwe, wapo waliosalimika: Sonny Rollins, mpiga saksafoni mashuhuri, aliingia Lexington mwaka 1955, akatoka, akafanya kazi za mikono Chicago, kisha akarejea kwenye muziki wake na asiirudie heroini. Ila kisa cha mtu mmoja hodari hakifuti hesabu ya maelfu, na wenye kumnyooshea kidole kila aliyeanguka, wakimwambia mbona fulani aliweza, huwadhulumu watu.

Sababu ya kuanguka huko ilichungulika hapo hapo Lexington, na aliyeichungulia ni Abraham Wikler. Tabibu huyu alikuwa akizungumza na wagonjwa waliokwisha kukaa miezi mingi bila ya kugusa dawa, wenye miili iliyonenepa na usingizi uliorejea, na kila mazungumzo yalipoelekea kwenye madawa aliwaona wakipiga miayo, wakitokwa na kamasi na machozi, dalili zile zile za siku ya kwanza. Akafahamu kwamba mwili umefundishwa: mtaa, rafiki, harufu, hata neno, vimefungamanishwa na dawa katika ubongo, na anayerudi mtaani kwake hurudi kwenye yote hayo kwa mara moja. Kwa maoni yangu hakuna ithibati iliyotoka Shambani iliyo na thamani kuliko hii, ijapokuwa ilichukua miaka mingi kabla ya walimwengu kuizingatia.

Siwezi kulipita jambo moja la aibu. Maabara ya Lexington iliwatumia wafungwa kupima madawa mapya, nao walikubali, na ujira waliopewa wengi wao ulikuwa ni mofini au heroini yenyewe. Ridhaa ya mtu aliyefungwa, tena mwenye kiu ya kitu kile kile anacholipwa, si ridhaa. Habari hizo zilitolewa hadharani mbele ya Baraza la Seneti katika mwaka 1975, na majaribio yakakomeshwa mwaka uliofuata. Hospitali yenyewe ilikwisha kukabidhiwa idara ya magereza mwaka 1974.

Miongoni mwa matabibu waliopita Lexington alikuwa Marie Nyswander, aliyehudumu huko vita vilipokuwa vikimalizika, akaondoka na huzuni kwa namna alivyoona wagonjwa wakitendewa, na mwaka 1956 akatoa kitabu cha kutetea kwamba mraibu ni mgonjwa. Huko New York alikutana na Vincent Dole wa Taasisi ya Rockefeller, bingwa wa mambo ya namna mwili unavyokitumia chakula, na wawili hao, katika mwaka 1964, wakaanza na wagonjwa wachache sana. Kwanza waliwapa mofini, wakaona siku nzima ya mgonjwa inaishia katika kungoja sindano ifuatayo na kuuliza saa; kisha wakawageuzia kwenye methadoni ya kunywa, mara moja kwa siku, katika kipimo cha kutosha kisichopunguzwa, na muda si muda mmoja akaomba rangi na karatasi za kuchorea, mwingine akaomba kurudi masomoni. Mwaka 1965 walitangaza habari za wagonjwa 22. Kwa masimulizi ya Dole mwenyewe, maafisa wa idara ya madawa walimwendea wakamwambia anavunja sheria, naye akawataka wamshitaki ili mahakama iamue, lakini hawakumshitaki.

Tofauti kati ya Lexington na New York haikuwa katika dawa, maana dawa ilikuwa moja. Ilikuwa katika muda. Lexington iliitumia methadoni kuwa daraja la siku chache na ikamwacha mtu ng'ambo peke yake. Dole na Nyswander waliifanya kuwa tiba ya miaka, na ikihitajiwa ya umri mzima, sawa na anavyotibiwa mwenye kisukari, hata ubongo utulie na maisha yapate kujengwa upya. Baadaye ikaja buprenofini, ambayo Ufaransa iliwaruhusu matabibu wa kawaida kuiandika katikati ya miaka ya 1990, na vifo vya waliozidisha heroini vikapungua upesi nchini humo. Katika mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili katika orodha ya dawa za lazima.

Kwetu pwani unga, yaani heroini, uliingia katika miaka ya 1980, kwanza ule wa rangi ya kahawia uliovutwa, kisha, mwishoni mwa miaka ya 1990, ule mweupe uliofaa kuyeyushwa na kudungwa, na pamoja na sindano zilizopokezanwa vikaja UKIMWI na homa ya ini. Mateja, kama wanavyoitwa watumiaji wa unga, wakawa watu wa kukimbizwa. Zanzibar, kuanzia mwaka 2009, zilifunguliwa nyumba za soba, ambamo waliokwisha kuacha huwaauni wanaotaka kuacha, nazo zimewaokoa wengi. Lakini mgonjwa huingia humo akaipitia arosto bila ya methadoni, na akitoka hutoka na hatari ile ile ya Lexington. Mwezi wa Februari mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, ukiwa ni mradi wa kwanza wa serikali wa namna hiyo katika bara hili kusini mwa Sahara, kwani Morisi iliyotangulia ni kisiwa. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Mathari ya Nairobi mwishoni mwa 2014, na katika mwaka 2015 Malindi, huko huko Kenya, na Kidongo Chekundu ya Unguja. Mgonjwa hufika dirishani, akanywa dozi yake ya maji mbele ya muuguzi, akaenda zake kazini.

Wenye kuipinga husema kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Nimewasikiliza na siwaafiki, maana aliyeshika kipimo chake halewi, hasinzii, haibi, hajidungi, na anawalea watoto wake. Na mtu aliyeoshwa mwili kwa siku kumi kisha akaachwa, ambaye mwili wake umekwisha sahau kustahimili, akirudia kipimo chake cha zamani hata mara moja tu, yumkini akafa usiku huo huo. Hiyo ndiyo hatari ambayo jamaa wengi hawaambiwi wanapomlaki mtoto wao aliyerudi amenawiri.

Basi ninakuomba, msomaji uliye na kijana wa namna hii nyumbani kwako: usimtimue akianguka, na usimpe arosto kuwa adhabu. Mpeleke kwa tabibu aanze dozi, na atakapokwisha kunenepa na kupata kazi, na majirani wakaanza kukuuliza mbona bado anakwenda dirishani kila asubuhi, usimwambie aache. Mwache aendelee, na siku ya kupunguza iamuliwe na yeye na tabibu wake.